Kifua kinabana, pua imeziba, pesa ni kidogo: ununue nini Kariakoo

Una elfu ishirini, kifua kinapiga mluzi kila alfajiri, na pua haijakauka tangu waanze kubomoa nyumba ya mtaa wa pili. Kaunta ya famasi imejaa vidonge, dawa za maji, vikopo vya kupuliza, matone ya pua na mafuta ya kujipaka. Muuzaji anakuuliza, "Una shilingi ngapi, kaka?" Usimjibu bado.

Kwanza jua unachonunulia dawa. Mwenye pumu ana mirija ya hewa iliyovimba kwa ndani, na uvimbe huo upo hata siku anayojisikia mzima. Akivuta vumbi, moshi au pilipili, misuli inayozunguka mirija inakaza, makohozi yanaongezeka na hewa inapita kwa taabu. Mafua ya mzio, yale tunayoita aleji, ni uvimbe wa namna hiyohiyo uliokaa puani: chafya za mfululizo, kuwashwa, kamasi jepesi, pua kuziba usiku. Njia ya hewa ni moja kuanzia puani hadi mapafuni, na watu wengi wenye pumu wana mafua haya pia. Miongozo ya kimataifa iitwayo ARIA inasisitiza tangu 2001 kwamba mgonjwa wa kifua aangaliwe na pua yake.

Kariakoo haikosi kitu cha kuuchokoza uvimbe huo. Belo za mitumba zinafunguliwa, vitambaa vinapimwa, pilipili kavu inapakuliwa, saruji inamwagwa kwenye ghorofa jipya, na foleni ya Msimbazi inatoa moshi kuanzia asubuhi. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwalinganisha wanafunzi wa sekondari wa Ilala na wa Bagamoyo; wa Ilala ndio waliokuwa wakipiga mluzi kifuani zaidi.

Sasa tuje kwenye pesa. Bei nitakazozitaja ni za kupigia hesabu tu, maana zinabadilika kila mzigo unapoingia. Weka hapo uliyotajiwa wewe, hesabu itakwenda vilevile.

Dawa za pumu ziko makundi mawili. Kuna za kufungua kifua, ambazo unasikia kazi yake papo hapo, na kuna za kushusha uvimbe, ambazo husikii kitu ukizipuliza. Pesa nyingi za wagonjwa zinaishia kwenye kundi la kwanza.

Vidonge vya salbutamol ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote. Tuseme kidonge cha miligramu 4 ni shilingi 50: vitatu kwa siku ni 150, kwa mwezi 4,500. Inavutia. Lakini kidonge lazima kipite tumboni na kwenye damu kwanza, hivyo nafuu inachelewa kama nusu saa, na dawa inazunguka mwili mzima kutafuta kifua. Mpulizo mmoja wa kikopo una maikrogramu 100; kidonge kimoja kina maikrogramu 4,000, yaani mipulizo 40. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Mzee mwenye matatizo ya moyo anayebebeshwa vidonge hivi kwa sababu ni rahisi anauziwa ugonjwa wa pili. Kama kikopo kinapatikana, viache.

Kikopo cha salbutamol, ambacho mara nyingi ni cha rangi ya buluu, kina mipulizo 200. Kinafanya kazi ndani ya dakika chache na nafuu inakaa saa nne hadi sita. Kila mwenye pumu anatakiwa awe na dawa ya kufungua mfukoni, na hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwenye famasi nyingi. Tatizo linakuja pale unapoitegemea hiyo peke yake. Inalegeza misuli lakini uvimbe inauacha palepale. Ni sawa na kufua maji ngalawani bila kukalafati tundu. Shirika la kimataifa la miongozo ya pumu, GINA, lilibadili msimamo 2019: mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Ukiona unamaliza vikopo vitatu au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa. Ukimaliza kimoja kila mwezi, uko kwenye hatari ya kufa, na hilo silisemi kwa kukutisha.

Dawa ninayotaka uilipie ni ya kuzuia: beclometasone au budesonide ya kupuliza. Hii ni steroidi ya kiasi kidogo inayofika moja kwa moja kwenye mirija na kushusha uvimbe. Kikopo chake mara nyingi ni cha kahawia, ila usinunue kwa rangi, soma jina. Haiokoi mtu aliyebanwa sasa hivi. Inataka kupulizwa kila siku, asubuhi na jioni, na nafuu yake inajengeka kwa siku na wiki. Hapo ndipo wengi wanapoiacha: wamelipa zaidi, wamepuliza siku mbili, hawajasikia kitu, wanarudi kwenye buluu.

Hesabu ni hii. Tuseme kikopo cha kuzuia chenye mipulizo 200 ni 20,000. Ukipuliza mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kinakaa siku 50. Hiyo ni 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Kifua kikitulia kwa miezi kadhaa, daktari anaweza kukushusha hadi mpulizo mmoja asubuhi na mmoja jioni. Kikopo kilekile kinakaa siku 100, na gharama inakuwa 6,000 kwa mwezi.

Jilinganishe sasa na mwenzako anayetumia buluu tu. Kikopo cha 8,000 kinamwishia kila mwezi. Halafu usiku mmoja kifua kinakataa: bajaji ya usiku, kumwona daktari, mashine ya mvuke mara mbili au tatu na kila mara ina bei yake, sindano, bomba la sindano, vidonge vya kwenda navyo nyumbani, na kesho yake meza ya biashara haijafunguliwa. Usiku huo ukimgharimu 40,000 na ukamtokea kila baada ya miezi miwili, anatumia 28,000 kwa mwezi. Wewe wa kikopo cha kuzuia, hata ukiongeza buluu inayokukalia miezi minne, uko kwenye 14,000. Aliyenunua cha bei ya chini ndiye anayelipa mara mbili.

Kuna mtego mmoja kwenye bei ya dawa ya kuzuia. Vikopo vinafanana kwa umbo na idadi ya mipulizo, lakini kimoja kina maikrogramu 50 kwa mpulizo na kingine 100 au 250. Cha 50 kikiuzwa 14,000 na cha 100 kikauzwa 20,000, cha 14,000 ndicho ghali, maana utapuliza mara mbili zaidi kufikia dozi ileile. Linganisha maikrogramu kwanza ndipo ulinganishe shilingi.

Na neno steroidi lisikukimbize. Dozi ya kawaida ya kupuliza haifiki nusu miligramu kwa siku. Prednisolone ya vidonge anayopewa mtu mzima siku ya shambulio ni miligramu 40 hadi 50 kila siku. Si dawa moja, lakini ukubwa wa tofauti unajieleza. Vidonge vya prednisolone vina kazi yake, siku tano hadi saba za kumaliza shambulio kali, kwa maelekezo ya daktari. Kuvila kila mwezi kwa sababu ni vya bei ndogo kunapandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Dawa ya kupuliza usumbufu wake mkubwa ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Sukutua kwa maji na uteme kila ukimaliza kupuliza. Hilo halina bei.

Chaguo la tatu ni kikopo kimoja chenye budesonide na formoterol pamoja. Kinashusha uvimbe na kufungua kifua kwa wakati mmoja, na Shirika la Afya Duniani liliweka mchanganyiko huu kwenye orodha ya dawa muhimu 2017. Kwa mtu mzima na kijana ndio ambao GINA inaupendelea. Ukiwa na pesa, au bima yako inaulipia, chukua huo. Lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa, na mipulizo mara nyingi ni 120 au pungufu, kwa hiyo gawanya kabla hujalipa. Angalizo kubwa: mchanganyiko wa salmeterol na fluticasone unafanana nao kwenye rafu, ila haufai kuokoa mtu aliyebanwa. Ukinunua huo, buluu bado unaihitaji.

Kwa asiyeweza kabisa kulipia dozi ya kila siku, na anabanwa mara chache tu kwa mwezi, miongozo inakubali njia nyingine: kila unapopuliza buluu, puliza na ya kuzuia hapohapo. Vikopo viwili vinakaa muda mrefu na uvimbe unapata dawa yake. Mwulize daktari kama wewe ni wa kundi hilo.

Kifaa cha kupulizia usikinunue kabla ya kusoma hapa. Ukipuliza kikopo moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inagonga koo na kuishia hapo. Kinachosaidia ni chemba ya plastiki inayokaa kati ya kikopo na mdomo. Ya dukani ni nzuri, hasa yenye barakoa kwa mtoto mdogo, ila bei yake inaweza kuzidi ya dawa. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha 1999, kwenye jarida la Lancet, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi kama chemba ya dukani kwa watoto waliokuwa na pumu. Chukua chupa tupu ya maji, ioshe, iache ikauke. Toboa kitako tundu la ukubwa wa mdomo wa kikopo, liwe limebana, na uzibe pembeni kwa gundi au plasta. Puliza mara moja, vuta taratibu, bana pumzi hadi kumi, kisha rudia. Chupa za maji Kariakoo zinaokotwa bure.

Mashine ya mvuke ya nyumbani haina ulazima kwa walio wengi. Kwenye mashambulio madogo na ya kati, kikopo na chemba vinafanya kazi sawa nayo. Mashine inataka LUKU, barakoa zake, dawa zake za vichupa, na kusafishwa kila siku.

Montelukast ni kidonge kimoja jioni, na wengine wanafaidika nacho hasa wenye pua na kifua pamoja. Lakini hakifikii dawa ya kuzuia ya kupuliza, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu yake kwa sababu ya kuvuruga hisia, usingizi na mawazo. Aminophylline ni ya bei ndogo ila nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba, na ukichanganya na ciprofloxacin au erythromycin inapanda kwenye damu. Antibiotiki kwa pumu isiyo na maambukizi ni pesa iliyotupwa. Dawa za kikohozi vilevile.

Kuna gharama nyingine iliyojificha kwenye dawa za maumivu. Baadhi ya wenye pumu hubanwa vibaya wakimeza aspirini, diclofenac au ibuprofen, na hizi ndizo zinazouzwa kwa wingi kwa wabeba mizigo wenye migongo inayouma. Paracetamol ni salama zaidi. Ukipewa dawa ya moyo au matone ya macho ya presha, mwambie daktari una pumu. Propranolol na timolol zinaweza kufunga kifua.

Tuje puani. Chlorpheniramine, kile kidonge kidogo cha njano, ni cha bei ya chini kuliko vyote, lakini unakimeza mara tatu au nne kwa siku na kinalaza. Dereva wa bodaboda, fundi cherehani na anayesukuma mkokoteni asikiguse akiwa kazini. Cetirizine au loratadine ya miligramu 10 ni kidonge kimoja kwa siku. Chlorpheniramine nne za shilingi 50 ni 200. Cetirizine moja ya 150 imeshakuwa nafuu. Kati ya hizi zote, loratadine ndiyo isiyolaza sana. Anayefanya kazi ya hatari aanze na hiyo. Vidonge hivi vinatuliza chafya na kuwashwa. Pua iliyoziba haviiwezi sana, na pumu haviitibu.

Kwa pua inayoziba kila siku, nunua steroidi ya kupuliza puani. Ya fluticasone yenye mipulizo 120, ukipuliza mara mbili kila tundu kwa siku, inakaa siku 30. Pua ikitulia ukabaki na mpulizo mmoja kila tundu, inakaa siku 60. Elekeza ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa kati wa pua, usije ukatoka damu. Ipe wiki mbili kabla ya kuihukumu.

Matone ya kufungua pua, xylometazoline au oxymetazoline, ni ya kukwepa. Yanafungua ndani ya dakika chache na bei ni ndogo, lakini ukipita siku tano hadi saba pua inayazoea, na kila yakiisha inaziba zaidi ya mwanzo. Kuna watu wanatembea na kichupa hicho mfukoni mwaka mzima wakidhani wanajitibu. Maji ya chumvi yanasafisha vizuri: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na chumvi kijiko cha chai ambacho hakijajaa.

Nyumbani, kitu cha kwanza cha kutupa ni dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba koili moja ikiungua inatoa vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137. Kwenye chumba kimoja cha Gerezani kilichofungwa madirisha, familia nzima inavuta hiyo. Pesa ya koili ya kila usiku inanunua chandarua ndani ya muda mfupi, na chandarua kinadumu miaka. Jiko la mkaa litoke nje ya chumba. Mto na godoro vianikwe juani na kufunikwa kwa nailoni isiyopitisha vumbi. Joto na unyevu wa Dar vinawapenda wadudu wa vumbi. Mashine za kusafisha hewa zinazopangwa madukani acha zibaki hapo, kwa sababu baada ya kuinunua utanunua vichujio vyake milele.

Wapi ununue? Maduka ya dawa ya jumla ya Kariakoo yana bei nzuri, lakini mengi yanauza kwa boksi. Famasi ya rejareja iliyosajiliwa ndiyo yako. Duka la dawa muhimu la mtaani linaweza lisiwe na kikopo cha kuzuia kabisa, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa na vidonge kwa sababu tu ndivyo vilivyopo. Dawa ya mkononi barabarani usinunue hata kwa nusu bei. Kikopo kilichoshinda juani hakina dhamana. Angalia tarehe ya mwisho, lakiri, jina la dawa, na udai risiti. Ukishuku bandia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, wapo kwa ajili hiyo.

Vikopo vingi havina kihesabio. Mipulizo 200 ikiisha gesi inaendelea kutoka na wewe unapuliza hewa. Kuelesha kikopo kwenye maji ili kuona kimebaki kiasi gani hakuaminiki na kunaweza kukiharibu. Andika kwa kalamu siku uliyoanza, na kwa dawa ya kila siku piga hesabu itaisha lini.

Kabla ya famasi, jaribu kituo cha serikali: Mnazi Mmoja au Amana ziko karibu, na Muhimbili kwa rufaa. Uliza mapema kama dawa ya kuzuia ipo dirishani, maana ukiambiwa ukanunue nje umeshalipa ada ya kumwona daktari. Mwenye bima aulize kama kikopo hicho kimo kwenye kitita chake kabla cheti hakijaandikwa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa malipo. Dawati la ustawi wa jamii ndilo linaloshughulikia.

Ukiwa na elfu ishirini na buluu bado ina dawa, nunua ya kuzuia leo. Ukiwa huna hata buluu, anza na buluu, kisha pesa inayofuata iende kwenye ya kuzuia kabla ya kitu kingine chochote. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, au buluu ikikupa nafuu isiyofika saa nne, puliza mara nne kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, na uende hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kukuche.